Jina la Mtoto wa Tatu

Kwetu mtoto hachaguliwi jina, analikuta linamngoja. Mvulana wa kwanza wa mama ana lake, wa pili ana lake, wa tatu ana lake, na wasichana nao wana mlolongo wao. Wageni wanaofika Butembo huchekeshwa na jambo hili. Ukisimama sokoni ukaita jina la mtoto wa tatu, nusu ya wanaume wanageuka, na nusu nyingine wanageuka kuona kwa nini hawakuitwa wao. Sisi tulishazoea. Tunaongeza jina la ubatizo, na kama nalo limejaa mjini tunaongeza la baba, kisha la kilima, kisha tunachoka na kusema ni yule wa nyuma ya kanisa.

Mdogo wangu alikuwa wa tatu kati ya wavulana. Jina lake la ubatizo lilikuwa la mtume mmoja ambaye wachungaji wa miaka ile walimpenda kupita kiasi. Sitaliandika hapa, wala jina la mtu mwingine yeyote. Nina uchungu na majina, na msomaji akinivumilia ataona sababu.

Wakati ule nilikuwa namalizia masomo ya informatique, yaani ya kompyuta, na kazi yangu ya mwisho, mémoire kama tunavyoiita, ilikuwa kuandika kompaila ndogo ya lugha ya C. Kwa asiyejua, kompaila ni programu inayosoma maandishi ya mtu na kuyageuza yawe amri za mashine. Kabla ya kugeuza inakagua, na inakagua kwa ukali. Kila kitu lazima kiwe na aina: hii ni namba, hii ni herufi, huu ni muundo wenye sehemu kadhaa ndani yake. Ukipeleka aina moja mahali panapotakiwa nyingine, inakukatalia na kukuandikia lawama. Baba yangu, shemasi wa kanisa na muuzaji wa viazi vya kutoka Kipese, aliniuliza kazi hiyo itanilisha nini. Nilimjibu sijui. Ilikuwa kweli, na mpaka leo bado ni kweli.

Mdogo wangu yeye hakuwa mtu wa vitabu. Alishuka upande wa Oicha akalima kakao kwenye kipande cha shamba karibu na msitu, na kila alipopanda kuja kutusalimu nguo zake zilinuka kakao iliyochacha. Mama alilalamika, kisha alizifua mwenyewe, hataki mtu azishike. Mimi nilikuwa nimekaa na laptop yangu mlangoni, penye mwanga, na yeye alipita akichungulia, akiniita yaya, ndiyo dada mkubwa kwetu.

"Yaya, mashini yako ingali inakukatalia?"

"Inanikatalia juu iko na akili kukupita."

"Basi uiambie ikuje kulima," alisema, akaenda zake jikoni kutafuta cha kula.

Halafu wauaji wa msituni wakaingia katika mashamba ya upande ule. Sina haja ya kueleza zaidi, maana mtu wa huku anajua, na mtu wa mbali hata akielezwa anageuza ukurasa. Waliofika Beni kwa miguu walifika. Waliokufa waliletwa. Mdogo wangu hakuwa katika hawa wala katika wale. Hakuna aliyemwona akikimbia, hakuna aliyemwona akianguka, na simu yake ilikuwa inasema ijaribiwe tena baadaye.

Kanisani mchungaji hakujua amwombee wapi. Kuna maombi ya wasafiri, na kuna maombi ya wafiwa, na familia yetu haikuingia kokote. Mwishowe akatuweka kwa "wote walio njiani." Baba alikasirika mpaka akakataa kupeana mikono mlangoni.

Sasa nieleze jambo moja la C, kwa sababu bila hilo habari yangu haina maana. Katika C unaruhusiwa kuandika jina la muundo peke yake, bila mwili. Unasema tu kwamba kuna muundo unaoitwa hivi, unaweka nukta-mkato, unaendelea. Huo unaitwa muundo usiokamilika, na lugha inakubali uishi nao. Unaweza kuwa na kielekezi chake, yaani ile namba inayosema kitu kiko wapi, ukaibeba na kuipitisha mkono kwa mkono. Usichoweza ni kuuliza ukubwa wake, wala kuchungulia ndani, wala kuutengeneza mwenyewe. Ukithubutu, kompaila inakujibu kwamba haujakamilika. Sura hiyo hasa ndiyo niliyokuwa naiandika wiki zile, na sikuhitaji kutafuta mfano.

Kompaila yangu ya kwanza ilikuwa mjinga. Ilipoulizwa kama miundo miwili ni aina moja, ililinganisha majina herufi kwa herufi, na yakifanana ikasema ni kitu kimoja. Nilijivunia, maana ilikuwa mistari michache na ilikwenda mbio. Mwalimu aliyeniongoza, directeur wa mémoire yangu, akaandika programu fupi ya kuijaribu. Aliutangaza muundo mmoja nje, kisha ndani ya mabano yanayofunga kipande kimoja cha programu akatangaza upya muundo wenye jina lile lile. Kwa sheria za C hiyo ni miundo miwili tofauti. Ule wa ndani umezaliwa ndani ya mabano na unakwisha mabano yakifungwa, na ule wa nje hauujui. Kompaila yangu ikaiona ni kitu kimoja, ikapitisha kosa bila kukohoa.

"Compilateur yako inaamini jina," aliniambia. "Jina ni etiketi tu, karatasi ya kubandika, mama. Ujiulize: ni kitu kimoja, ao ni bintu bibili byenye etiketi moja?"

Nilirekebisha hivi. Kila mahali jina linapotangazwa upya, kompaila inafungua droo mpya, hata kama ni tupu. Kila anayelitaja jina hilo ndani ya eneo lile anaelekezwa kwenye droo ile. Swali haliwi tena kama majina yanafanana. Swali linakuwa kama wote wawili wanaelekezwa kwenye droo moja. Na siku mwili ukipatikana, hufungui droo nyingine: unauweka katika ile ile iliyokuwa tupu, na wote waliokuwa wakiielekea tangu mwanzo wanaikuta imejaa bila kuarifiwa. Ilipofanya kazi mara ya kwanza nilifurahi kabisa. Kisha furaha ikaniwasha, kwa kuwa chumba cha pili mama alikuwa amelala mchana, na mama yangu si mtu wa kulala mchana.

Jambo lililonichekesha katika kazi hiyo ni lawama yenyewe. Kompaila ikikuta makosa ya namna hii inaandika kwamba ilitarajia muundo fulani na wewe umeleta muundo fulani, na majina hayo mawili ni sawa mpaka herufi ya mwisho. Mwanafunzi asiyejua anaisoma mara ngapi sijui, anadhani mashine imerukwa na akili. Nilitamani kumwonyesha mdogo wangu, angecheka.

Ndipo simu ikapigwa kutoka Beni. Alikuwa kijana mmoja wa Bungulu, mtaa wa Beni, kati ya wale waliojitolea kuzika watu walioletwa kutoka upande wa Oicha. Alisema wanaye mmoja mwenye jina la mtoto wa tatu. Baba akauliza jina la ubatizo. Kijana akalitaja, lilikuwa la mtume yule. Baba akazima simu, akaketi kwenye gunia la viazi.

"Ameonekana," akasema.

Tulishuka Beni wawili, baba na mimi. Kwenye kizuizi askari alichukua kadi yangu, akaisoma, akachukua ya mwanamke aliyekaa karibu nami garini, akaisoma nayo, akacheka. "Bino nyonso kombo moko?" Alitaka kujua kama sote tunaitwa jina moja. Sisi wawili tulikuwa binti wa pili wa mama zetu, basi. Baba akamjibu kwamba ndivyo ilivyo kwetu, tena kwa sauti ya mtu anayejivunia.

Kijana wa Bungulu alitupeleka makaburini. Msalaba ulikuwa wa mbao za sanduku, umeandikwa kwa rangi ya buluu, majina mawili. Udongo ulikuwa umeanza kuota majani. Baba alivua kofia. Mimi nilimgeukia kijana.

"Jina hii, ni nani alikupatia?"

"Mumama moja mwenye alikimbia naye. Alisema, huyu ni fulani. Tukaandika."

"Na yeye iko wapi?"

"Alivuka Uganda, dada. Hapana jua zaidi."

"Sura yake mulimuona? Nguo alivaa nini?"

Aliangalia viatu vyake. "Siku ile hatukuangalia bintu. Tulizika mbio, juu balisema bauaji banaweza rudi."

Nilimshukuru, kwa sababu alikuwa amefanya kazi ambayo serikali yenye bunduki zake haikuifanya. Lakini nilijua nimeona nini. Niliona jina, basi. Kutoka Lubero mpaka Oicha vijana wenye majina yale mawili wangeweza kujaza kanisa na wengine wakasimama nje.

"Papa," nilisema, "hapa kuko jina tu. Hatuna alama ingine. Jina ni etiketi."

Baba alinitazama kana kwamba nimetema mate juu ya kaburi. "Ndugu yako si etiketi. Hiyo masomo yako ni ya mashini. Huyu ni mutu."

"Ni mutu, mais lakini ni mutu gani?"

Akaigeuza kofia mkononi. Alipojibu sauti yake ilikuwa ya chini. "Mimi nataka pahali naweza simama nikasema: ni hapa."

Mama hakuwa amekuja. Nilidhani atasimama upande wangu, maana ndiye mtu mwenye maswali nyumbani kwetu. Ukimletea kuku atakuuliza kuku huyo alilelewa na nani. Siku ile hakuuliza kitu. Hakuuliza nguo, hakuuliza sura, hakuuliza aliyemtambua ni nani. Alijifunga kitenge kiunoni akaanza kulia, na vilio vilitoka kama vilikuwa vimepanga foleni.

Tukaweka matanga. Wanakwaya walikuja, mabenchi yakaletwa, turubai likatandazwa, wamama wa kanisa wakapika maharage. Mimi niligawa chai nikiwa nimevimba. Nilikasirika na kila aliyenipa pole, kwa sababu alikuwa ananipa pole ya mtu mwingine. Shemasi mmoja aliniambia kwamba masomo mengi hukausha macho ya mwanamke. Nilimjazia kikombe mpaka kikammwagikia.

Miezi michache baadaye nilikuwa najiandaa kutetea mémoire, na hapo nikakutana na sheria iliyoniudhi kuliko shemasi. Programu kubwa ya C huandikwa katika faili nyingi. Kompaila inasoma faili moja, inaimaliza, inaisahau, inaingia nyingine. Je, muundo wa faili hii na muundo wa faili ile, wenye jina moja, ni aina moja? Zile droo zangu hazisaidii hapo, kwa kuwa kila faili ina droo zake. Sheria inasema: kama miundo yote miwili ina mwili, miili ifanane. Lakini kama mmoja wao haujakamilika, jina peke yake linatosha. Na hakuna anayekagua. Hiyo programu inayounganisha faili mwishoni haina habari ya miundo kabisa.

Nilisoma mstari ule nikiwa na hasira kama ya mtu aliyesengenywa. Beni walikuwa na mwili. Sisi Butembo tulikuwa na jina. Kwa sheria ya lugha niliyokuwa naisifu mbele ya watu, baba yangu hakuwa amekosea. Wale walioiandika walikuwa wametulia mahali penye umeme wakakubaliana kwamba asiye na mwili apewe ndugu kwa jina tu.

Siku ya kutetea, mmoja wa majaji aliuliza kinachotokea faili mbili zikisema uongo na hakuna aliyezikagua. Nilimjibu kwamba programu inaendelea vizuri, na siku moja inaharibika mahali pengine kabisa, na hutajua kwamba chanzo ni pale. Walitikisa vichwa, wakanipa alama nzuri. Mama alikuja na nguo zake nyeusi, akakaa nyuma, na watu wakapiga makofi. Nilipata kazi ya kufundisha, kazi ambayo mshahara wake ni hadithi nyingine.

Mwaka uliofuata, wakati wa jua, mwanamke mmoja alishuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba yetu. Alikuwa amekimbia Oicha, sasa anaishi Bungulu kwa watu wa kanisa lake. Alikuwa amezunguka Butembo akiuliza familia ya kijana aliyezikwa Beni, na kwa kuwa kila aliyemuuliza alimjua mwenye jina lile, alipelekwa nyumba nyingi kabla ya kutufikia. Mama alimkaribisha, akamtolea chai ya maziwa na mkate. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu, na watu husema mengi.

Mwanamke yule hakugusa mkate. Alisema yeye naye ana mtoto wa tatu wa kiume, amebatizwa jina lile lile, na alikuwa shambani siku ile ile. Alipofika makaburini kijana wa Bungulu alimwambia kwamba yule ameshapata wenyewe, watu wa Butembo wamemchukua.

"Sikukuja kupigana, mama," alimwambia mama yangu. "Hata musalaba hapana badilisha. Jina iko juu yake ni ya mutoto yangu pia. Nataka tu kujua kama naweza enda kulia pale."

Baba alikohoa. Akasema kwamba mambo haya yalikwisha, kwamba kanisa lilishasali.

"Ni kweli, papa. Mais nilipata mutu mwingine mwenye alizika. Muzee. Yeye alikumbuka kitu moja." Akasogeza kikombe kando. "Walipomufunga mu turubai, muguu ya kushoto ilikosa bidole bibili bya mwisho. Ya kwangu alijikataka na jembe, angali mudogo. Donc, basi, niliomba nikuulize wewe mwenye ulizaa. Mama, wa kwako alikuwa na bidole byote?"

Mama yangu anakumbuka ni nani kati yetu alitembea kabla ya kuota meno. Anakumbuka surua ilianzia kwa nani, na ni jicho lipi lililovimba kwanza. Mtoto wa tatu alipopanda kutoka shambani, mtu mzima mwenye ndevu, mama alimletea beseni la maji ya moto na kumkwangua matope miguuni kwa mikono yake, na yeye akimkataza bila kusikilizwa. Sasa alikuwa ameshika birika, anatazama mvuke.

"Bidole?" akasema. "Nilishasahau, mama."

Akaongeza chai katika kikombe ambacho kilikuwa kimejaa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakuuliza kitu siku tuliyotoka Beni. Aliogopa kujibiwa. Alijua kama mimi, pengine kabla yangu, na alichagua jina, kwa sababu jina lilikuja na kaburi. Nami kwa miezi yote ile nilikuwa nimemwona ni mwanamke aliyechoka.

Mgeni akanywa kidogo kwa heshima, akasema wasingya, ndiyo asante yetu, akasimama. Baba alimfungulia mlango haraka. Nilimsindikiza mpaka pale pikipiki zinaposimama, kama mgeni anavyosindikizwa. Alitembea polepole, mtu wa miguu mibaya. Pale pale barabarani, madereva wakituita, nilimshika mkono.

"Mama, ndugu yangu alikuwa na bidole byote kumi."

Alisimama. Akaweka mfuko wake chini, juu ya vumbi. "Unaapa?"

"Naapa."

Alinishika mikono yote miwili, akanitazama kwa huruma ambayo sikuistahili na sikuitaka.

"Donc wa kwenu hajaonekana bado," alisema. "Pole, mama. Pole sana."

Akapanda pikipiki, akaenda Beni kumlilia mwanawe.

Niliporudi, baba alikuwa ameondoka kwenda kwenye viazi vyake. Mama alikuwa uani anaosha vikombe. Hakuinua uso.

"Ulimuambia."

"Ndiyo, mama."

Alisuuza kikombe cha mgeni, akakigeuza kifudifudi juu ya ubao, akapangusa mikono kwenye kitenge cheusi.

"Sasa mimi," akasema, "nitalia wapi?"